SOMO LA UFUNDI: MKONDO USIO WA KAWAIDA KATIKA MOTA ZA MKONDO MNYOOFU

Wasimamizi wa mitambo, mafundi na wananchi wanakumbushwa kwamba ni nadra mota kuungua bila ya kutoa ishara. Dalili ya mvua ni mawingu, na wingu la mota ni mshale wa amita.

Asili yake. Amecha, yaani sehemu izungukayo, huzalisha volti zake yenyewe zinazopingana na volti za laini. Tofauti ya volti hizo mbili ikigawanywa kwa ukinzani wa amecha, hupatikana mkondo. Mathalani, mota ya volti 220 yenye ukinzani wa omu 0.5, ikizalisha volti 210, huvuta ampea 20. Ikikwama, upinzani huo hutoweka na mkondo hupanda kuelekea ampea 440. Ndiyo maana mota kubwa haiwashwi bila ya kianzishi, wala haiachwi ikivuma pasi na kuzunguka.

Mkondo ukizidi, ikaguliwe:

1. Mzigo. Zima, kisha zungusha mhimili kwa mkono. Ukiwa mzito, angalia beringi na mashine inayoendeshwa. Mota yenye uga wa mfululizo isijaribiwe kamwe bila ya mzigo. Hukimbia hadi ikavunjika.

2. Volti za laini. Zikishuka na mzigo ukabaki uleule, mkondo huweza kupanda.

3. Koili za uga. Uga ukidhoofu, volti za upinzani hupungua na mkondo huongezeka. Koili ikikatika, mota yaweza kwenda mbio za hatari. Izimwe mara moja.

4. Brashi na komuteta. Cheche nyingi na vipande vilivyoungua huashiria brashi zilizohama mahali pake au nyaya za amecha zilizogusana.

Mkondo ukiwa mdogo na mota ikakosa nguvu, tazama brashi zilizokwisha, springi zilizolegea na maungio machafu.

Tahadhari. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au kuifunga kwa waya, si tiba. Ni kuuondoa ulinzi na kuualika moto. Kabla ya kugusa chochote, zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, tundika kibao cha onyo, na upime kuhakikisha hamna umeme.

Kila mota iwe na daftari la kuandikia ampea zake za kawaida, kwani asiyeijua kawaida hatalitambua lisilo la kawaida. Mtambo wa umma ni amana, na mwenye amana huulizwa.