Kabla kisukari hakijafika

Watu wengi hurudi kutoka kliniki wakiwa wameambiwa, "Sukari yako imepanda kidogo, lakini bado si kisukari." Baadhi hufurahi na kuendelea na maisha kama zamani. Wengine huogopa, wakaacha ugali na wali kwa wiki mbili, kisha wakachoka na kurudia mlo wao wa kawaida. Wote hawa hupoteza nafasi nzuri. Hali ya kabla ya kisukari ni wakati ambapo mabadiliko madogo ya nyumbani yana nguvu kubwa ya kuzuia ugonjwa. Katika makala hii tunaangalia hali hii ni nini, nani apimwe, na namna familia inavyoweza kubadilika pamoja.

Nini hutokea mwilini?

Vyakula vya wanga kama ugali, wali, mihogo, viazi, ndizi na mkate hugeuka kuwa sukari na kuingia kwenye damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo hufanya kazi kama ufunguo: hufungua seli za mwili ili sukari iingie na kutupatia nguvu. Mtu akiwa na mafuta mengi tumboni na kwenye ini, na misuli yake haifanyi kazi ya kutosha, ufunguo huu hauzunguki vizuri. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi. Likianza kuelemewa, sukari hubaki kwenye damu.

Kwa kawaida hakuna maumivu wala dalili. Mtu anaweza kulima, kuuza sokoni na kuimba kwaya bila kujua lolote. Kipimo ndicho kinachoonyesha.

Nani apimwe?

Ni vizuri kupima sukari hasa kwa mtu ambaye:

- ana umri wa zaidi ya miaka 40
- ana uzito mkubwa au kitambi
- ana mzazi, kaka au dada mwenye kisukari
- ana shinikizo la juu la damu
- alipata kisukari wakati wa ujauzito, au alijifungua mtoto wa kilo 4 au zaidi.

Kikundi kinaweza kuanza na kamba tu. Kata kamba yenye urefu sawa na kimo chako, kisha ikunje mara mbili. Zungusha kamba hiyo iliyokunjwa kiunoni, usawa wa juu kidogo ya kitovu. Ikiwa ncha zake hazikutani, mafuta ya tumboni yamezidi na ni vyema kwenda kupima. (Kipimo hiki hakiwafai wajawazito.)

Kipimo cha kawaida hufanyika asubuhi, baada ya kukaa saa 8 au zaidi bila kula. Maji yanaruhusiwa. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, 6.1 hadi 6.9 (milimoli kwa lita) ni hali ya kabla ya kisukari. Hospitali nyingine huanza kuhesabu kutoka 5.6. Kuanzia 7.0 ni kiwango cha kisukari, na kwa mtu asiye na dalili kipimo hurudiwa ili kuhakikisha. Kipo pia kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi 2 hadi 3. Mwenye selimundu au upungufu wa damu amweleze mhudumu, kwa sababu kipimo hicho kinaweza kutoa jibu lisilo sahihi kwake.

Je, mabadiliko husaidia kweli?

Ndiyo. Mwaka 1986, katika mji wa Da Qing nchini China, watu 577 wenye hali hii waliingizwa kwenye utafiti. Baadhi yao walifundishwa kubadili chakula, kufanya mazoezi, au vyote viwili, kwa miaka 6. Walipofuatiliwa hadi kufikia miaka 30, waliofundishwa walikuwa wamechelewa kupata kisukari kwa wastani wa karibu miaka 4, na hawakupata sana magonjwa ya moyo na kiharusi kama wenzao.

Nchini Marekani, utafiti wa watu zaidi ya 3,200 uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha jambo kama hilo. Kundi moja lilisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Hatari ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Kwa waliotumia dawa ya metformin ilipungua kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni kama kilo 5 na nusu tu.

Chungu kimoja kwa nyumba nzima

Mara nyingi familia humtengea mhusika "chakula cha mgonjwa". Jambo hili halidumu. Kupika vyungu viwili hutumia mkaa na fedha zaidi, na anayekula peke yake hujiona ametengwa. Mara nyingi pia mwenye hali hii ni mama, ambaye ndiye mpishi. Atawapikia wengine chapati, naye ale nini? Kumbuka pia kwamba watoto wake wako katika hatari kuliko watoto wengine. Kwa hiyo tunashauri kubadili chungu cha wote.

Anza na sahani. Igawe kwa macho: nusu iwe mboga kama mchicha, matembele, bamia, kabichi au nyanya chungu. Robo iwe maharage, kunde, choroko, dagaa, samaki, yai au nyama. Robo inayobaki iwe ugali, wali, ndizi au viazi. Katika nyumba nyingi sahani yetu ni kinyume chake: mlima wa ugali na mboga ya kuonjea.

Kisha chagueni mambo haya moja baada ya jingine:

- Sukari kwenye chai. Anayekunywa vikombe 3 kwa siku, kila kimoja na vijiko 3 vya chai, anakula gramu 36 za sukari. Punguza kijiko kimoja, zoea, kisha punguza kingine. Asali nayo ni sukari.
- Soda na juisi. Chupa ya kola ya mililita 300 ina takribani vijiko 8 vya sukari. Kula chungwa lenyewe badala ya kunywa juisi yake.
- Dona badala ya sembe. Dona ina nyuzinyuzi, hivyo hushibisha. Huharibika mapema kuliko sembe, kwa hiyo saga kidogo kidogo. Lakini dona nayo ni wanga. Kiasi bado ni robo ya sahani.
- Vya kukaanga. Maandazi na chapati viwe vya siku maalumu. Asubuhi nyingine kula kiazi kitamu cha kuchemsha, yai au karanga chache.

Kuhusu mazoezi, tembea haraka dakika 30 kwa siku, siku 5 za wiki. Wakaao mjini wanaweza kushuka kwenye daladala kituo kimoja au viwili kabla. Kutembea dakika 10 hadi 15 baada ya chakula cha jioni husaidia misuli kutumia sukari ya mlo huo. Acha sigara, na pata usingizi wa kutosha.

Maneno ya watu

Katika jamii zetu kitambi huhesabiwa kuwa dalili ya neema, na anayepungua huulizwa, "Unaumwa nini?" Maneno hayo yamewarudisha nyuma wengi. Mgeni naye hupewa soda kama heshima, na kuikataa huonekana dharau. Hapa viongozi wa dini na wa vikundi wana nafasi kubwa. Wakiomba maji mbele ya watu, na mikutano yetu ikiandaa matunda na maji, wengine watapata ujasiri.

Tahadhari

Anayetumia dawa za kisukari asiziache wala asizipunguze bila kumwona mhudumu wa afya. Mwenye kiu isiyoisha, anayekojoa mara kwa mara au kukonda bila sababu aende kituo cha afya mapema. Mwenye hali ya kabla ya kisukari apime tena angalau mara moja kila mwaka.

Maswali ya kujadiliana

1. Jana usiku, nusu ya sahani yako ilikuwa chakula gani?
2. Ni mboga zipi hupatikana kwa bei nafuu hapa kwetu wakati wa kiangazi?
3. Tunawezaje kumpokea mgeni kwa heshima bila soda?
4. Ni badiliko gani moja ambalo nyumba yako yote inaweza kulianza wiki hii?