Barua Kutoka Ng'ambo ya Ziwa

Mzee mmoja wa Kalemie alivuka ziwa Tanganyika kwenda Kigoma kwa biashara. Kule akashikwa na homa kali, na mguu wake ukavimba. Watu wema wakampeleka hospitali. Nyumbani mke wake na watoto wakangoja habari. Juma la kwanza likapita, na la pili, na la tatu.

Siku moja baharia akaleta barua. Daktari aliyeiandika alikuwa mgeni, hakujua Kiswahili. Aliandika kwa Kiingereza, maneno machache tu: «The fever is on the wane. The swelling has receded. This morning he declined to be carried.»

Mtoto wa kwanza wa mzee alikuwa akijifunza Kiingereza tangu mwaka mmoja. Mama akampa barua, akasema: «Soma, mwanangu. Baba yako yu mzima?»

Kijana akafungua kamusi yake. Akatafuta «wane», akaona: kupungua. Akatafuta «recede», akaona: kurudi nyuma. Akatafuta «decline», akaona: kudhoofika. Hakusoma mbele zaidi. Akafunga kamusi, akasema kwa sauti ndogo: «Mama, homa imepungua. Lakini uvimbe umerudi. Na leo asubuhi baba amedhoofika, hata anachukuliwa na watu.»

Mama akapiga kelele. Majirani wakaja, wakaketi chini. Baba mdogo akaanza kuhesabu fedha za kuvukia ziwa, ili aende kumzika ndugu yake.

Mwalimu mmoja mzee, aliyekaa karibu, akasikia kilio, akaja. «Pole, mama,» akasema. «Nani ameleta habari ya kifo?» Wakamwonyesha barua. Mwalimu akaisoma mara mbili, kisha akasema: «Futeni machozi. Barua hii ni ya furaha. Inasema hivi: Homa inaendelea kuisha. Uvimbe umenywea. Leo asubuhi mgonjwa alikataa kubebwa.»

Mama akanyamaza. Kisha akacheka huku machozi yakimtoka. «Ndiye yeye!» akasema. «Tangu zamani hapendi kubebwa na mtu.»

Kijana akaona haya sana. Lakini mwalimu hakumkaripia. Alimwita jioni, akamfundisha maneno ambayo Waingereza hutumia kwa kitu kinachopungua, kinachofifia au kinachojitenga. Maneno hayo ni mengi, na kila moja lina mahali lilipozaliwa.

1. Neno la bahari. Uingereza imezungukwa na bahari. Maji yake hujaa na kupwa kila siku. Kutoka kujaa hata kujaa tena hupita saa 12 na dakika 25 hivi. Hata ndani ya mji wa London, mto Thames hupanda na kushuka pamoja na bahari, na siku za maji makuu tofauti yaweza kufika meta 6 au 7. Kupwa huko Waingereza wakakuita «ebb». Basi mtu akichoka sana au akikata tamaa, husema kwamba yuko «at a low ebb», yaani maji yake yamekupwa. Neno hili lina tumaini, kwa maana maji yaliyokupwa hujaa tena. Lakini wakiongeza neno dogo «away», mara nyingi tumaini limekwisha. Uhai ukisemwa kwamba «is ebbing away», mgonjwa yu karibu kufa.

2. Neno la mwezi. «Wane» ni neno la kale la Kiingereza, maana yake kupungua. Hutumiwa hasa kwa mwezi. Mwezi ukiisha kuwa mzima, huanza kuliwa kidogo kidogo kwa siku 15 hivi, hata usionekane. Ndiyo sababu daktari aliandika kwamba homa iko «on the wane». Haikukatika kwa ghafula, bali ilikuwa ikipungua usiku kwa usiku.

3. Neno la maji yanayoacha pwani. «Recede» limetoka katika Kilatini: «re» ni nyuma, na «cedere» ni kwenda. Watu wa Kalemie wanaweza kulifahamu vizuri. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika penye mto Lukuga, unaotoka ziwani mahali pale. Siku zile mto ulikuwa umezibwa na majani na matope. Baada ya miaka michache maji yalijifungulia njia, na ziwa likashuka meta kama 10. Ziwa lilirudi nyuma, likaacha mchanga mkavu. Hiyo ndiyo «recede». Kijana alikosa kwa sababu katika Kiswahili «kurudi» ni kuja tena, lakini «kurudi nyuma» ni kuondoka. Uvimbe haukuja tena, ulikwenda zake.

4. Neno la rangi. «Fade» limekuja kwa njia ya Kifaransa cha zamani. Kitambaa kinachoanikwa juani kila siku hupauka. Ua hunyauka. Sauti ya mtu anayekwenda mbali hufifia. Hayo yote ni «fade». Kitambaa kilichopauka hakirudishi rangi yake chenyewe.

5. Neno la machimbo. Katika karne ya 19 wachimbaji wa Marekani walifuata mshipa wa madini ndani ya mwamba. Mshipa ukawa mwembamba, mwembamba zaidi, mwisho ukapotea. Wakasema: «It petered out.» Wachimbaji wa shaba wa Katanga hawana haja ya kuelezwa jambo hilo. Leo neno hili hutumiwa hata kwa mazungumzo, au kwa kazi iliyoanza kwa nguvu ikaisha bila kitu.

6. Maneno ya kujitenga kwa hiari. «Withdraw» ni kuvuta nyuma. Mtu huvuta mkono wake, au fedha zake katika benki, au neno alilolisema. «Retreat» ni ndugu ya neno la Kifaransa «retraite». Zamani ngoma ilipigwa vitani ili askari warudi nyuma. Lakini neno lilo hilo ni jina la mafungo, siku za Mkristo kujitenga na kelele ili asali. Basi kurudi nyuma si aibu siku zote.

7. Neno lenye sura mbili. «Decline» limetoka katika Kilatini «declinare», kuinama upande. Jua linaloinama linashuka. Nguvu za mzee zinashuka pia. Lakini mtu aweza kuinama upande ili asipokee kitu anachopewa. Hapo maana yake ni kukataa kwa adabu. Kifaransa nacho kina «décliner» yenye maana hizo mbili. Ishara ni hii: baada ya «declined» daktari aliandika «to be carried». Mtu akikataa, huwapo jambo analolikataa.

Mwisho mwalimu akamwambia kijana: «Kamusi yako haikusema uongo. Wewe ulichukua maana ya kwanza, ukaacha ya pili. Kabla ya kutafsiri, jiulize mambo matatu: Neno hili limetoka wapi? Je, kitu chajitenga kwa hiari au hapana? Je, chaweza kuja tena? Watu wanaongoja nyumbani hawana barua nyingine ila mdomo wako.»

Majuma mawili baadaye mzee akashuka chomboni, anatembea kwa fimbo. Kijana alipotaka kumshika mkono, baba akakataa. Kijana akacheka, kwa kuwa sasa alijua neno lake.

Maswali

1. Kwa nini kijana alisema uvimbe umerudi?
2. Mwezi na kitambaa hupungua. Kipi huwa kizima tena, na kipi hakiwi?
3. «He declined the money.» Je, mtu huyu amedhoofika? Toa sababu.
4. Watu wa pwani husema: «Maji yakijaa hupwa.» Mithali hiyo yafaa na neno gani la somo hili?
5. Andika kwa Kiswahili barua ya mama kumshukuru daktari.