Oili chafu imemwagika bustanini

*Fundi gari jirani alimwaga oili chafu kwenye bustani yangu ya mchicha. Je, udongo umekufa?* — Msomaji, Morogoro

Haujakufa. Msomaji ana haki ya kuhofu, lakini udongo una bakteria, wakiwemo Pseudomonas, wanaokula mafuta na kuyageuza kuwa maji na hewa ya ukaa. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, wataalamu waliweka mbolea ya naitrojeni ufukweni na bakteria wakaongeza kasi.

Autifue udongo mara kwa mara upate hewa, achanganye samadi iliyooza, aunyeshee bila kuufurikisha. Ni kazi ya miezi.

Ila oili chafu huweza kuwa na madini ya risasi, na hayo bakteria hawayamalizi. Asipande mboga hapo kabla udongo haujapimwa maabara. Kisima kikiwa karibu, amwone afisa afya mapema.