Hati Ibaki Mkononi mwa Mzee

Ukitaja makazi ya wazee Tanzania Bara, wengi hufikiria Nunge kule Kigamboni, Kolandoto ya Shinyanga au Sukamahela ya Singida. Lakini wazee walio wengi wanaishi kwenye nyumba walizojenga wenyewe, na shida yao ni kubaki humo. Maswali mengi niliyoletewa yanahusu hilo.

Nina miaka 71. Mwanangu mkubwa anataka hati ya nyumba iandikwe jina lake, ili kusiwe na usumbufu baadaye. Nikubali?

Shikamoo mzee wangu. Usisaini kwanza. Hati ikishahamishwa, nyumba si yako tena. Mwanao anaweza kuiuza au kuiweka rehani. Akitangulia yeye, Mungu apishie mbali, nyumba inaingia kwenye mirathi yake na wewe unaanza kuishi kwa hisani ya mkaza mwanao. Sisemi kijana ana nia mbaya. Wengi wana nia njema kabisa, na bado mzee hujikuta nje.

Andika wosia. Huo hufanya kazi ukishafariki, na ukiwa hai unaweza kuubadilisha wakati wowote. Wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, RITA, husaidia kuuandika na kuutunza. Kwa wosia wa kimila wa maandishi, anayejua kusoma huhitaji mashahidi wasiopungua wawili, asiyejua wanne. Nusu watoke kwenye ukoo, nusu nje yake. Kama wewe ni Mwislamu, wasia hauvuki theluthi ya mali na hauendi kwa mrithi, hivyo kaa na sheikh wako kabla ya kuandika.

Mume wangu anataka kukopa benki kwa kuweka rehani nyumba tunayoishi. Hati ina jina lake peke yake. Nina sauti?

Unayo, mama. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kinaitaka benki iwe na ridhaa hiyo. Ukiletewa karatasi, isomwe yote kwa Kiswahili mbele yako kabla hujaweka dole gumba.

Baba aliniachia shamba. Nimezeeka, sina wa kunitunza, nataka kuliuza. Watoto wa kaka yangu wanasema ardhi ya ukoo haiuzwi na mwanamke.

Shauri lako, bibi, liliwahi kusikilizwa Muleba. Tarehe 24 Agosti 1988, Holaria Pastory aliuza shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Bei ilikuwa Sh 300,000, na sababu ni hiyo hiyo yako: uzee, na kukosa mtu wa kumtunza. Kesho yake mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alikuwa ameshafungua kesi Mahakama ya Mwanzo Kashasha. Akashinda, kwa kuwa tamko la sheria za mila la 1963 lilimruhusu mwanamke wa Kihaya kuitumia ardhi ya ukoo, si kuiuza. Mahakama ya Wilaya ikatengua. Februari 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akakazia: mila hiyo inabagua na inapingana na Katiba, na mwanamke anaweza kuuza kama mwanamume.

Kinachoniuma ni kwamba ushindi ule haukuifuta orodha nzima ya kanuni za 1963. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake ilishughulikia malalamiko ya wajane wawili Watanzania walioondolewa kwenye nyumba zao baada ya waume kufariki, ikaitaka Tanzania irekebishe sheria za mirathi za kimila. Mageuzi ya makazi ya wazee yaanzie hapo, kabla ya kujenga bweni lingine lolote.

Kwa hiyo makazi ya serikali hayana maana?

Yana maana kubwa kwa asiye na ndugu. Zanzibar wana Sebleni na Welezo, na tangu 2016 kila aliyefikisha miaka 70 hupata pensheni jamii. Fedha hiyo hutengeneza paa linalovuja na mzee akabaki kwake.

Nimeshatolewa ndani. Naanzia wapi?

Toa taarifa serikali ya mtaa au kijiji, kwa maandishi, ubaki na nakala. Mgogoro wa ardhi unapita Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 hupatanisha tu, halitoi hukumu. Mkishindwana, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kama huna uwezo, omba msaada wa bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Na kama nyumba ni ya marehemu mumeo, hilo ni suala la mirathi: wahi mahakama ilikofunguliwa, uweke pingamizi kabla msimamizi hajateuliwa.