Kompyuta ya Nyumbani Inapofungwa na Programu ya Ulinzi wa Watoto

Watumishi na wakazi wenye kompyuta majumbani wanakumbushwa kuwa programu ya kuwakinga watoto na mambo yasiyofaa ya intaneti haisimami pembeni ikichungulia. Ili itimize kazi yake, hujiweka katikati ya kompyuta na mtandao, hupitisha kila ombi mikononi mwake na kuhesabu saa za matumizi. Baadhi ya programu hizo hufungua hata mawasiliano yaliyofumbwa ili kuyakagua kabla ya kuyaruhusu. Hivyo basi, inapokosea, anayefungiwa mlango si mtoto peke yake.

Chukuliwe mfano wa nyumba ya mtumishi wa umma iliyoko Chanika, wilayani Ilala, mbele ya vilima vya Pugu. Kompyuta ni moja ya mezani, nayo ilinunuliwa ikiwa imekwisha tumika. Mchana mwanafunzi wa kidato cha nne huisomea. Kaka yake aliyemaliza kidato cha sita hujaza humo maombi ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo hupokelewa kwa mtandao na yana siku ya mwisho. Usiku mzazi huandika taarifa zake za utendaji katika mfumo wa PEPMIS. Kompyuta hiyo ikigoma, kuibeba hadi kwa fundi Kariakoo ni kupoteza siku nzima na nauli, ilhali kasoro nyingi za aina hii huondolewa mezani pale pale.

Jambo la kwanza kutazamwa ni saa, na hapa ndipo wengi hukosea. Programu hizi huhesabu saa kwa mtindo wa Kizungu, kuanzia usiku wa manane, wakati Mswahili huanza kuhesabu kunapopambazuka. Mzazi atakaye kompyuta ifungwe kuanzia saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi, akaandika 3:00 na 12:00, amekwisha kuagiza ifungwe kuanzia saa 9 usiku hadi saa 6 mchana. Matokeo yake ni kwamba mtoto anacheza hadi usiku mkubwa, na asubuhi anayetaka kufanya kazi anakuta imefungwa. Iliyopasa kuandikwa ni 21:00 na 06:00. Katika hili programu haina ubovu wowote, imetii tu.

Aidha, itazamwe tarehe. Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ndogo ya duara mfano wa sarafu, kwa kawaida ya namba CR2032, ambayo hutunza saa wakati hakuna umeme. Kompyuta iliyokaa miaka mingi betri hiyo huwa imekufa, na kila umeme unapokatika tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa. Hapo kivinjari hulalamika kwamba vyeti vya usalama vya kurasa havijaanza kutumika, na ratiba ya watoto nayo huvurugika. Lawama huangukia programu ya ulinzi, kumbe dawa ni betri. Eneo la saa nalo liwe la saa 3 mbele ya Greenwich, ambalo katika Windows huorodheshwa kwa jina la Nairobi. Likiachwa la pwani ya magharibi ya Marekani, saa itakuwa nyuma kwa 10 au 11.

Saa na tarehe zikiwa sawa na tatizo likabaki, itafutwe mahali lilipo. Ukurasa uliokataa ufunguliwe kwa simu inayotumia mtandao ule ule. Ukikataa na huko, kasoro imo katika mtandao au katika ukurasa wenyewe. Ukifunguka kwenye simu, ujaribiwe katika kompyuta ile ile kwa akaunti ya mzazi. Ukikubali kwa mzazi na kukataa kwa mtoto, ni kanuni za akaunti ya mtoto zinazozuia. Ukikataa kwa wote wawili, programu imeshika mashine nzima.

Kanuni za akaunti ya mtoto hurekebishwa kwa kuingiza anwani ya ukurasa katika orodha ya zinazoruhusiwa. Ikumbukwe kuwa vichujio vingi vilitungwa kwa Kiingereza na hutafuta herufi bila kujali maana. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walikataliwa kujiandikisha na kampuni ya AOL kwa sababu ya herufi nne zilizomo ndani ya jina la mji wao. Kichujio cha namna hiyo kinaweza kumkwaza hata mtu aitwaye Hassan. Programu yenyewe pia huweza kukosea bila mwenye nyumba kugusa kitu: mwezi Juni 2025 huduma ya Microsoft ya usalama wa familia ilianza kuzuia kivinjari cha Chrome kisifunguke katika akaunti za watoto, na waliozima kwa muda kichujio cha kurasa zisizofaa waliweza kukifungua.

Kosa kubwa zaidi hufanyika pale mzazi anapochoka na kufuta folda ya programu kwa hasira. Programu huondoka, lakini maelekezo yake hubaki: kompyuta huendelea kupeleka kila ombi kwa mlinzi ambaye hayupo, na intaneti hukatika kabisa. Kwanza mafaili ya kazi yanakiliwe kwenye flashi. Kisha, kwa akaunti yenye mamlaka, mzazi aingie katika mipangilio ya mtandao na kuzima proksi, hasa ikionekana anwani 127.0.0.1, na anwani za DNS zirudishwe katika hali ya kujipanga zenyewe. Ikishindikana, afungue dirisha la amri akiwa na mamlaka hayo, aandike netsh winsock reset, kisha awashe kompyuta upya. Amri hiyo hurudisha njia za mtandao za Windows katika hali yake ya mwanzo.

Njia iliyo sahihi ni kuzima ulinzi ndani ya programu kwa neno la siri la mzazi, kuiondoa kupitia orodha ya programu katika mipangilio, na kuwasha upya. Neno hilo la siri liandikwe na kuhifadhiwa pamoja na hati za nyumba, kwani likipotea na barua pepe iliyosajiliwa ikawa imesahauliwa, kazi huwa nzito mno. Kwa kompyuta iliyotumika, mnunuzi ahakikishe kabla ya kulipa kuwa haina akaunti ya shule au ya familia nyingine. Aliyeisajili ndiye mwenye uwezo wa kuiachia.

Kompyuta yenye kumbukumbu ndogo isibebeshwe programu mbili za ulinzi kwa pamoja, kwani hukaguana na kuidhoofisha. Nyumba isiyohitaji ratiba ya saa yaweza kutosheka na DNS ya kifamilia, kama ile ya Cloudflare ya 1.1.1.3 iliyoanzishwa mwaka 2020, ambayo huzuia kurasa za ngono na zenye virusi bila kusimika programu yoyote. Kompyuta ya ofisi iliyopelekwa nyumbani isisimikwe programu hizi wala kukabidhiwa mtoto. Ikikwama, ipelekwe kwa ofisa wa TEHAMA wa taasisi husika.