SOMO: VIDEO INAPOGOMA, TUUJUE UGONJWA KABLA YA KUNUNUA DAWA

Somo la toleo hili huenda baadhi yenu mkaliona ni la mafundi tu. Sivyo. Linahusu matumizi mazuri ya fedha za usharika, na tumeliandika kwa sababu sisi wenyewe wa ofisi ya miradi tulikosea.

Mtaa mmoja ulio upande wa mlango wa Mto Ruvuma ulikuwa na kompyuta mbili zilizotolewa na marafiki wa ng'ambo. Vijana walizitumia kuangalia masomo ya upandaji wa mikoko na ufugaji wa nyuki. Ikafika siku masomo yakagoma. Kompyuta moja ilionyesha kisanduku cha kijivu mahali pa video. Nyingine ikawa inaganda kila mara. Kamati ilituandikia ikiomba kununua kompyuta mpya kwa fedha zilizotengwa kwa ajili ya bati za nyumba ya mwinjilisti. Nasi, bila kwenda kuangalia, tuliidhinisha.

Tulipofika huko miezi mitatu baadaye, tulikuta kompyuta mpya inaonyesha kisanduku kile kile cha kijivu. Ya zamani iliyokuwa na kisanduku haikuwa mbovu hata kidogo. Ile iliyoganda ilihitaji kipande kimoja tu cha kumbukumbu. Bati hazikununuliwa. Tumeiomba radhi kamati ile, na sasa tunawaletea ninyi nyote tuliyojifunza. Dalili ni tatu, na kila moja ina dawa yake.

1. Kisanduku cha kijivu: msaidizi amekufa

Kivinjari ni programu ya kufungulia kurasa za intaneti, kama vile Chrome au Firefox. Zamani kivinjari hakikuweza kuonyesha video peke yake. Kilihitaji msaidizi wa kupachikwa, aitwaye programu-jalizi. Aliyejulikana zaidi ni Flash Player ya kampuni ya Adobe (tusiichanganye na flashi ya kuhifadhia mafaili). Miaka ya 2000 masomo mengi ya kompyuta, hata yaliyoletwa kwa sidii, yalitengenezwa kwa Flash.

Msaidizi huyo alikuwa mlango wa virusi, na baadaye vivinjari vikaweza kuonyesha video vyenyewe. YouTube iliacha kuitumia Flash kama njia yake ya kawaida mwezi Januari 2015. Adobe ilisitisha huduma ya Flash Player tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu hiyo ilizuiwa kuonyesha kazi za Flash. Msaidizi mwingine, Silverlight ya Microsoft, alifikia mwisho wake tarehe 12 Oktoba 2021.

Kwa hiyo hakuna haja ya kumlipa fundi airudishe. Mkiona tangazo linalosema "sasisha Flash", msilibonyeze kamwe. Huo ni mtego wa kuingiza virusi. Fanyeni hivi:

- Angalieni mwisho wa jina la faili. Likiishia na .flv, hiyo ni video. Ifungueni kwa programu ya VLC, ambayo ni ya bure.
- Likiishia na .swf, hilo ni somo la Flash lenyewe. Jaribuni programu ya Ruffle, nayo ni ya bure. Hufungua mengi ya masomo hayo, ingawa si yote.
- Ikishindikana, mwombeni aliyetoa somo awape nakala ya MP4.

2. Kompyuta kuganda: kumbukumbu haitoshi

Mfikirieni mhasibu wa usharika. Ana meza ya kufanyia kazi na kabati la mafaili. Kumbukumbu ya kompyuta ni ile meza. Diski ni lile kabati. Meza ikijaa, mhasibu hulazimika kurudisha faili kabatini na kulitoa tena kila dakika. Kazi haiendi, ingawa yeye hajapumzika. Ndivyo ilivyo kompyuta inayoganda huku taa yake ya diski ikiwaka mfululizo.

Vivinjari vya siku hizi hutenganisha kazi za kurasa mbalimbali, ili ukurasa mmoja ukianguka mingine isianguke nao. Ni jambo jema, lakini linakula kumbukumbu. Kompyuta yenye gigabaiti 2 ikifunguliwa kurasa kumi pamoja na video, italemewa. Hatua ni hizi:

- Bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kama kompyuta ni ya Windows. Mtaona orodha ya programu na kiasi cha kumbukumbu kinacholiwa na kila moja.
- Fungeni kurasa msizozihitaji, na mwondoe viendelezi vya kivinjari msivyovitumia.
- Pakueni video kwanza, mfunge kivinjari, kisha muiangalie kwa VLC.
- Hapo ikishindikana, ndipo muongeze kumbukumbu. Nendeni dukani na kipande cha zamani mkononi, kwani DDR2, DDR3 na DDR4 haviingiliani. Tena, Windows ya kawaida ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4. Kuiongezea zaidi ya hapo ni kupoteza fedha.

Kwa sisi wa pwani, kuanzia Mikindani hadi Msimbati, hewa ya chumvi hushambulia vyuma vidogo vya kipande hicho. Kabla ya kununua kingine, zimeni kompyuta, chomoeni umeme, kitoeni, mvifute vyuma vyake polepole kwa kifutio cha penseli, kisha mkirudishe.

3. Duara linalozunguka: mtandao ni dhaifu

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti zilizolazwa baharini zilikatika, na mtandao ukayumba Tanzania na nchi jirani. Siku kama ile hata kompyuta nzima huonekana mbovu. Kipimo ni rahisi: fungueni video iliyokwisha hifadhiwa ndani ya kompyuta. Ikicheza vizuri, kompyuta ni nzima na tatizo liko kwenye mtandao. Punguzeni ubora wa video hadi 360 au 240, au mpakue usiku.

Neno kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa kompyuta mnazotuletea. Tunaomba kabla ya kuzisafirisha mtuambie zina kumbukumbu kiasi gani na zinatumia mfumo gani. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta za namna hiyo bado zinaweza kufaa zikiwekewa Linux nyepesi, ila ni vema tujue mapema. Na masomo yote yaje katika MP4.

Utaratibu wetu mpya

Kuanzia sasa ofisi haitapokea ombi la kununua kompyuta mpaka kamati iandike majibu ya mambo matatu: dalili ni ipi kati ya hizi, video iliyohifadhiwa inacheza au haichezi, na kumbukumbu ni gigabaiti ngapi. Nasi tunaahidi kufika kuangalia kabla ya kuidhinisha. Kompyuta ile iliyoganda imeongezewa kumbukumbu, na vijana wameanza tena somo la nyuki. Nyumba ya mwinjilisti bado inasubiri bati.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Je, tuna kifaa tulichokiweka stoo kama kibovu bila kukipima?
2. Nani katika usharika wetu atafundishwa kufanya vipimo hivi vitatu?
3. Ni fedha za kazi gani tumewahi kuzihamisha kwa haraka, na nani aliyebaki akisubiri?