Maboya Mawili: Jinsi ya Kuifanya Pampu ya Kisima Ijiwashe na Kujizima

Katika nyumba nyingi zenye kisima na pampu ya stima, swichi ya pampu ni mtoto. Mama akifungua mfereji usitoe kitu, utasikia, "Hebu nenda uwashe pampu!" Mtoto anawasha, halafu anarudi kwa vitabu vyake, au kwa mpira. Saa nzima baadaye maji yanateremka ukutani kutoka juu ya tangi, ua umegeuka tope, na sasa ndipo kelele zinaanza. Hiyo ndiyo hasara inayoonekana. Iko nyingine isiyoonekana, nayo hutokea chini kisimani, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Wako wanaodhani dawa ni saa ya kuwasha na kuzima pampu. Unaipanga iwashe saa kumi na moja alfajiri na kuzima saa kumi na mbili. Mimi sikubaliani nao. Saa inajua wakati, haijui maji. Siku ya kufua nguo itazima kabla tangi halijajaa. Siku ambayo watu wote wamesafiri itamwaga. Kinachotakiwa ni kitu kinachoguswa na maji yenyewe, na kitu hicho ni boya.

Wavuvi hutumia maboya kuonyesha nyavu zilipo. Boya la tangi ni ndugu yake. Ni kopo la plastiki lililozibwa kabisa, ukubwa wake kama ngumi mbili, likining'inia kwa waya wake mwenyewe. Ndani mna gololi ya chuma na swichi ndogo. Maji yakishuka, boya linaning'inia kichwa chini na gololi inabingirika upande mmoja. Maji yakipanda, boya linaelea na kuinua kichwa, gololi inabingirika upande wa pili na kuigeuza swichi. Yale ya zamani yalitumia zebaki badala ya gololi. Ukiletewa la namna hiyo, likatae. Zebaki ni sumu na tangi ni la maji ya kunywa.

Sasa tufanye hesabu, maana bila hesabu mambo haya ni porojo. Tuseme tangi letu ni la lita 5,000, mviringo, kipenyo chake mita 1.8. Pampu yetu ni ya wati 750 na inasukuma lita 5,000 kwa saa, yaani lita 83 hivi kwa dakika. Sakafu ya tangi hilo ina eneo la mita mraba 2.5, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita 25.

Tukifunga boya kwa waya mfupi sana, litageuka maji yakishuka sentimita 5 tu. Hizo ni lita 127. Mtu akioga na mwingine akiosha vyombo, pampu inawaka. Dakika moja na nusu baadaye inazima. Halafu inawaka tena. Mchana kutwa, waka-zima, waka-zima. Na mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa, mara 4 hadi 7 ya ule wa kawaida, na joto la mwanzo huo hukaa ndani ya koili zake. Mota inayoanzishwa mara nyingi hivyo haizeeki, inaungua.

Lakini tukiuachia waya urefu wa kutosha, boya lizime pampu maji yakikaribia mdomo na lisiwashe mpaka yameshuka sentimita 60, basi kila safari pampu itaingiza lita 1,500 na kupumzika. Kwa hiyo fundi akikuuliza, "Boya nifunge wapi?", mjibu kwa vipimo viwili: mahali pa kuzima na mahali pa kuwasha. Ule mwanya ulio kati yake ndio uhai wa pampu.

Wengi huishia hapo. Wanafunga boya moja juu, wanafurahi, wanasahau kabisa kwamba maji yana mahali yanapotoka.

Hebu tushuke kisimani. Kisima chetu ni cha kuchimbwa kwa mkono, kina chake mita 15, upana mita 1.2, na maji ndani yake yamesimama mita 3. Uso wa maji uko mita 12 chini ya ardhi. Pampu ya kukaa juu ya ardhi haiwezi kuyanyonya maji hayo, hata iwe na nguvu za trekta. Tulifundishwa kidato cha kwanza kwamba pampu haivuti maji. Ni uzito wa hewa unaoyasukuma kuingia. Mombasa, usawa wa bahari, hewa inaweza kuinua maji kama mita 10.3 na si zaidi. Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi na kipimo hicho kinashuka hadi mita 8 na nusu hivi. Na hiyo ni hesabu ya vitabuni. Pampu halisi haifiki hapo. Ndiyo maana fundi mwenye jina Mombasa anaweza kuaibika akija kufanya kazi Limuru. Kwa kisima chetu, basi, pampu lazima izamishwe. Na ikishazamishwa hakuna anayeiona ikiteseka.

Kila mita moja ya maji katika kisima hicho ni lita 1,130. Tukiacha nusu mita ya mwisho kwa ajili ya matope na usalama, yaliyobaki ya kusukuma ni lita 2,800 na ushei. Tangi likiwa tupu linadai 5,000! Tuseme chemchemi inarudisha lita 10 kwa dakika. Pampu inatoa 83, yanarudi 10, kisima kinapoteza 73 kila dakika. Dakika 39 hivi na maji yamefika mwisho. Boya la juu bado linaning'inia, bado linaomba maji, na pampu inazunguka kwa hewa tupu. Pampu ya kuzamishwa hupozwa na maji yanayoizunguka, na sili yake hulainishwa na maji yayo hayo. Yakikosekana, huungua, tena kimya kimya. Miezi ya kiangazi, Januari hadi Machi katika sehemu nyingi za nchi yetu, chemchemi inaweza kuleta nusu ya hizo lita 10, au isilete chochote.

Dawa yake ni boya la pili, ndani ya kisima, juu kidogo ya pampu. Hili kazi yake ni kinyume cha la kwanza. La tangini huwasha likiwa chini na kuzima likiwa juu. La kisimani huruhusu likiwa juu na kukataza likiwa chini. Yote mawili yanaungwa kwa mfululizo, kama balbu za taa za Krismasi za zamani: moja likikata, njia yote imekatika. Pampu haiwaki mpaka la juu liseme "nataka" na la chini liseme "ninayo".

Nalo la chini lipewe mwanya wake, mita moja hivi. Likiwa na mwanya mdogo, kisima kikirudisha sentimita mbili pampu itaamka, iyamalize, ilale, iamke. Likiwa na mwanya wa mita moja, litasubiri lita 1,130 zirudi, kama saa mbili kwa chemchemi yetu. Tangi litajaa polepole, kwa awamu, na hiyo si kasoro. Kisima hakiwezi kutoa kisichonacho.

Gharama ya stima isimtishe mtu. Kuinua lita 5,000, ambazo ni kilo 5,000, kwa mita 20 kunahitaji jouli 1,000,000. Yuniti moja ya stima ni jouli 3,600,000. Pampu ndogo hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake njiani, kwa hiyo tangi zima litakula kama robo tatu ya yuniti. Kuinunua pampu upya ndiko kunakouma.

Sasa sehemu ya hatari. Waya za boya zinapanda juu ya mnara na kuingia ndani ya maji tunayokunywa. Watu huzipitishia volti 240 moja kwa moja, na boya lenyewe huwa limeandikwa kwamba linastahimili. Sawa, lakini jua na panya hawasomi maandishi. Ni afadhali maboya yapitishe volti 12 kutoka kwa transfoma ndogo, na hizo volti 12 ziivute kontakta, yaani swichi kubwa ya sumaku iliyo ndani ya sanduku ukutani. Kontakta ndiyo ifunge na kufungua ile 240. Mbele yake kuwe na kikatio kinachohisi stima ikivuja kwa miliampia 30, na kuwe na waya wa ardhini. Kazi hii ifanywe na fundi wa stima aliyehitimu, si mjomba mwenye bisibisi. Lako wewe ni kujua umwambie nini.

Mwambie pia kuhusu swichi ya kuchagua: yenyewe, zima, na mkono. Mafundi wengi huiunga hiyo ya "mkono" ikaruka maboya yote mawili. Usikubali. Iruke la tangi tu. La kisimani libaki kazini hata mtu akiwasha kwa mkono, maana mwenye haraka ndiye anayeua pampu. Na kwa kuwa stima ikipotea na kurudi pampu itaamka bila kupiga hodi, yeyote anayetaka kuigusa azime swichi kuu kwanza, aifunge kwa kufuli, na ufunguo autie mfukoni mwake. Kuteremka kisimani asiteremke. Hewa ya humo huweza kumlegeza mtu kabla hajapiga ukelele.

Siku ya kujaribu, msingoje tangi lijae. Mmoja apande ngazi na kuliinua boya la tangi kwa fimbo kavu: pampu inyamaze. Aliachilie: ianze. Kisha boya la kisimani livutwe kwa kamba yake hadi lining'inie nje ya maji, huku lile la juu bado linaomba. Ikinyamaza tena, mlipeni fundi. Ikiendelea kuvuma, arudi kwenye sanduku lake.